Bonde la Umhlatuzana: ardhi ya Queensburgh ilikuwa ya nani?

Queensburgh ni kitongoji cha jiji la Durban, nchini Afrika ya Kusini. Historia ya umiliki wa ardhi yake ni historia ya wafalme, walowezi, wakulima wa Kihindi, na pia ya watu waliokombolewa utumwani ambao hadi leo wanaitwa Wazanzibari.

Anayesafiri kutoka bandari ya Durban kuelekea magharibi, katika njia ya kwenda Pinetown, hupita katika vilima vya Queensburgh. Ni mahali penye utulivu. Nyumba zina bustani, shule zina viwanja vya michezo, na reli ya zamani inapinda kwenye miteremko ikivipita vituo vya Malvern, Escombe na Northdene. Kusini mwa vilima hivyo unapita mto Umhlatuzana. Ng'ambo ya pili ya mto ndiko iliko Chatsworth, makazi makubwa yanayojulikana kote Afrika ya Kusini kuwa ni ya watu wenye asili ya Kihindi.

Mgeni anaweza kudhani kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo: watu wa aina moja huku, na wa aina nyingine kule. Lakini mpangilio huo haukutokana na mto. Uliandikwa kwa kalamu, ukapigwa mhuri, ukahifadhiwa katika afisi za serikali.

Mto wenye jina la Kizulu

Umhlatuzana ni jina la Kizulu. Katika lugha hiyo kiambishi cha mwisho "-ana" huonyesha udogo, kama ambavyo Waswahili husema "kijito" kwa maana ya mto mdogo. Umhlatuzana kwa hiyo ni Umhlatuze mdogo, na Umhlatuze wenyewe ni mto mkubwa ulio kaskazini, katika nchi ya Wazulu. Jina la jiji pia, eThekwini, linatokana na neno la Kizulu lenye maana ya ghuba. Majina hayo ni ushahidi wa kwanza wa umiliki. Kabla ya kuwako hati yoyote, kulikuwako watu walioupa kila mto jina lake.

Watu hao walikuwa wakulima na wafugaji. Kwao ardhi haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Mtemi aliwagawia wakuu wa koo mahali pa kujenga na kulima, nao wakawagawia watoto wao. Mtu alikuwa na haki ya kuitumia ardhi maadamu anaitumia na maadamu anamtii aliyempa. Msikilizaji wa Unyamwezi, wa Buganda au wa Pwani ya Kenya hatauona utaratibu huo kuwa wa kigeni.

Mwezi Agosti mwaka 1824, Mwingereza Francis Farewell, aliyekuja kutafuta biashara ya pembe za ndovu, alipata karatasi yenye alama ya Mfalme Shaka. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, Farewell alipewa bandari na eneo kubwa la ardhi lililoizunguka. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba Shaka na Farewell hawakuielewa karatasi hiyo kwa namna moja. Mfalme alimpa mgeni ruhusa ya kukaa chini ya himaya yake, kama alivyokuwa akiwapa watemi wengine. Mgeni aliamini kwamba amepewa milki ya kudumu, inayoweza kurithiwa na hata kuuzwa. Tofauti hiyo ya maana ndiyo mzizi wa mambo mengi yaliyofuata.

Makaburu, Waingereza na mabepari wa ardhi

Baada ya vita vya mto Ncome vya tarehe 16 Desemba mwaka 1838, Makaburu waliotoka Rasi ya Tumaini Jema waliunda jamhuri yao, wakaiita Natalia. Walijigawia mashamba makubwa, kila moja likiwa na ekari zipatazo 6,000. Jamhuri yenyewe haikudumu, kwani mwaka 1843 Uingereza iliitwaa Natal kuwa koloni lake. Hata hivyo, majina ya mashamba ya Kikaburu yamesalia katika eneo hilo hadi leo. Roosfontein na Welbedacht ni miongoni mwake.

Makaburu wengi hawakutaka kuishi chini ya bendera ya Uingereza. Walivuka milima ya Drakensberg na kurudi bara, na mashamba yao wakawauzia kwa bei rahisi watu waliokuwa na fedha. Hivyo ikatokea kwamba katika miaka michache tu sehemu kubwa ya ardhi ya Natal ilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuilima, na wengine wao hawakupata hata kuiona. Kampuni ya Ardhi na Ulowezi ya Natal, iliyoundwa mwaka 1860 na kuwa na wenye hisa mjini London, ilimiliki mamia ya maelfu ya ekari. Waafrika waliokuwa wakiishi katika mashamba hayo walijikuta wamekuwa wapangaji katika makaburi ya babu zao, wakidaiwa kodi kila mwaka.

Serikali ya koloni nayo ilikuwa na mpango wake. Kati ya mwaka 1846 na 1847, tume ambayo Theophilus Shepstone alikuwa mjumbe wake ilitenga maeneo maalumu ya Waafrika. Moja ya maeneo hayo lilikuwa Umlazi, kusini mwa bonde hili. Mwaka 1849 ikaanzishwa kodi ya kibanda, shilingi saba kwa kila nyumba. Utaratibu huo wa kuwatengea wenyeji maeneo, kuwatoza kodi ya nyumba na kuwalazimisha kutafuta fedha kwa kufanya kazi kwa walowezi ulikuja kuonekana Kenya na Tanganyika nusu karne baadaye. Natal ilikuwa shule ya mwanzo.

Reli yafika vilimani

Jambo lililoibadili Queensburgh kutoka mashamba na vichaka kuwa makazi lilikuwa ni reli. Ujenzi wa njia ya kutoka Durban kwenda Pietermaritzburg ulianza mwaka 1876, na mwaka 1880 gari moshi likafika katika mji huo mkuu wa koloni. Njia ilipanda vilimani kwa mizunguko mingi, na kila kituo kikawa mbegu ya kijiji. Wafanyabiashara na makarani wa Durban, waliochoka na joto na mbu wa ghubani, walinunua viwanja kando ya vituo, wakajenga nyumba zenye baraza na kuelekea mjini kila asubuhi kwa gari moshi.

Kituo kimoja kilipewa jina la Escombe, kwa heshima ya Harry Escombe, mwanasheria na mwanasiasa wa Natal. Jina hilo lina historia yake. Mwezi Januari mwaka 1897, Mohandas Gandhi aliporejea Durban kutoka India na kushambuliwa na kundi la wazungu barabarani, Escombe ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa koloni. Mwezi uliofuata akawa Waziri Mkuu, na katika mwaka huo huo bunge la Natal likapitisha sheria za kuzuia uhamiaji na kubana leseni za biashara. Sheria hizo hazikuwataja Wahindi kwa jina, lakini kila mtu alijua ni nani waliokusudiwa.

Vijiji hivyo vya relini viliunganishwa baadaye kuwa mji mmoja. Mji ukaitwa Queensburgh, kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Pili, aliyeshika ufalme wa Uingereza mwaka 1952.

Ndizi na mboga kando ya mto

Wakati wazungu wakijenga juu ya vilima, kule chini mabondeni walikuwako watu wengine. Tarehe 16 Novemba mwaka 1860, meli iitwayo Truro ilitia nanga Durban ikiwa na abiria 342 kutoka Madras. Hao walikuwa wa kwanza kati ya Wahindi zaidi ya 152,000 walioletwa Natal hadi mwaka 1911, kwa mkataba wa kufanya kazi miaka mitano, wengi wao katika mashamba ya miwa.

Mwanzoni sheria iliwapa matumaini. Mfanyakazi aliyekaa kolonini miaka kumi aliweza kudai nauli ya kurudi kwao au, badala yake, kipande cha ardhi ya serikali chenye thamani sawa na nauli hiyo. Waliopata ardhi kwa njia hiyo walikuwa wachache sana, na mwaka 1891 nafasi hiyo ikafutwa. Miaka minne baadaye, Wahindi waliomaliza mkataba na kukataa kurudi India au kuingia mkataba mpya walitozwa kodi ya paundi tatu kwa mwaka. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1914, baada ya mgomo mkubwa uliofanyika mwaka 1913.

Pamoja na hayo yote, wengi walibaki. Walikodi, na waliojaliwa walinunua, vipande vya ardhi ambavyo wazungu hawakuvitaka: mabonde yenye maji, miteremko mikali, kingo za mito. Katika mabonde ya Umbilo na Umhlatuzana walifyeka vichaka, wakapanda mboga na migomba. Akina mama waliamka usiku wa manane kufunga mafungu ya mchicha na kupanga vikapu vya nyanya ili vifike sokoni Durban kabla ya mapambazuko. Walijenga mahekalu, misikiti na shule kwa michango yao wenyewe. Kwa mtu ambaye baba yake aliletwa akiwa na namba shingoni, hati ya ekari mbili ilikuwa na thamani kuliko bei yake. Ilikuwa ushahidi kwamba hatafukuzwa. Ndivyo walivyoamini.

Wazanzibari wa Durban

Katika historia hii imo sura inayowagusa Waswahili moja kwa moja. Mwezi Juni mwaka 1873, Sultan Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyasaka majahazi ya watumwa baharini. Likaja swali: watu wanaokombolewa majahazini wapelekwe wapi?

Natal wakati huo ilikuwa na njaa ya wafanyakazi, kwa sababu usafirishaji wa vibarua kutoka India ulikuwa umesimama tangu mwaka 1866. Mwezi Agosti mwaka 1873 kundi la kwanza, watu zaidi ya mia moja, liliteremshwa Durban. Hadi kufikia mwaka 1880 walikuwa wamefika watu wapatao 500. Waliwekwa chini ya afisa yule yule aliyewasimamia wahamiaji wa Kihindi, na wao pia wakafungwa kwa mkataba wa miaka mitano. Walikombolewa baharini, wakakabidhiwa kwa waajiri nchi kavu.

Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini mwa Msumbiji. Lakini kwa kuwa safari yao ilihusishwa na Zanzibar, na kwa kuwa wengi walikuwa Waislamu, Durban iliwaita Wazanzibari. Baadhi yao walilelewa na wamisionari wa Kikatoliki. Walio wengi walishika dini ya Kiislamu, wakaendeleza Kimakua majumbani mwao, na wakadumisha dhikri kwa mtindo unaofanana na ule wa pwani ya Msumbiji na ya Waswahili.

Walipomaliza mikataba yao walikusanyika mahali paitwapo King's Rest, katika kilima cha Bluff, upande wa kusini wa bandari. Ardhi hiyo ilinunuliwa kwa ajili yao, mwishoni mwa karne ya 19, na wadhamini wa msikiti wa Juma wa mjini Durban, msikiti uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa lugha ya Waswahili tungesema ilikuwa wakfu. Hakuna mmoja wao aliyekuwa na hati kwa jina lake mwenyewe, lakini jumuiya nzima ilikuwa na mahali pa kuzika wafu wake, pa kulima na pa kusalia. Kwa watu ambao waliwahi kuuzwa, kuwa na mahali hapo halikuwa jambo dogo.

Mto wafanywa mpaka

Usalama wa watu wa mabondeni na wa King's Rest haukudumu. Mwaka 1913 Sheria ya Ardhi ya Wenyeji iliwaachia Waafrika kiasi cha asilimia saba tu ya ardhi ya nchi nzima. Mwaka 1943 sheria nyingine ilizuia kwa muda Wahindi wa Durban kununua ardhi kwa wazungu, na mwaka 1946 zuio hilo likapanuliwa. Chama cha Natal Indian Congress, chini ya Daktari Monty Naicker, kilianzisha upinzani wa amani mwezi Juni mwaka huo. Watu walikwenda kupiga mahema katika kiwanja kilichokatazwa, wakakamatwa, na wengine wakashika nafasi zao. Takriban watu 2,000 walifungwa jela.

Kisha, mwaka 1950, serikali ya ubaguzi wa rangi ikapitisha Sheria ya Maeneo ya Makundi. Kila mtaa sasa ungekuwa wa rangi moja. Mwaka 1958 Durban ilitangaziwa ramani yake. Queensburgh ikawa ya wazungu. Ardhi iliyokuwa kusini mwa mto, ambako wakulima wa Kihindi walikuwa na migomba yao, ikatwaliwa na baraza la jiji ili kujenga Chatsworth. Wakulima walilipwa fidia ambayo wengi wao waliiona kuwa ndogo. Wapo waliopewa, baada ya shamba, nyumba ndogo iliyoungana ukuta na ya jirani, mahali pale pale walipokuwa wakilima.

Wapangaji wa serikali waliitumia mito kama ukuta. Umhlatuzana uliitenga Chatsworth na Queensburgh ya wazungu, na mto Umlaas ukaitenga Chatsworth na Umlazi ya Waafrika. Mto mdogo uliokuwa ukinywesha bustani za wote ukageuzwa kuwa mpaka baina ya binadamu na binadamu.

Na Wazanzibari je? Wao waliwatatiza makarani wa serikali. Walikuwa Waafrika kwa sura na kwa asili, Waislamu kwa dini, na msikiti wao ulihusiana na Wahindi. Ardhi yao ya King's Rest ilikuwa katika eneo lililotengewa wazungu, kwa hiyo ilikuwa lazima wahame. Lakini wahamie wapi? Baada ya kubadilishwa kutoka daraja moja hadi jingine, hatimaye waliandikwa kuwa ni "Waasia Wengine". Kwa maneno hayo mawili, watu wa Makuani wakafanywa kuwa watu wa Asia, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 wakahamishiwa mtaa wa Bayview, huko Chatsworth. Neno hilo lilikuwa uongo, lakini liliwaokoa wasitawanywe katika makazi ya Waafrika. Wakajenga upya msikiti na madrasa yao, na jumuiya haikuvunjika.

Baada ya mwaka 1994

Uhuru ulipopatikana mwaka 1994, moja ya sheria za kwanza za bunge jipya ilikuwa ile ya kurejesha haki za ardhi. Kila aliyenyang'anywa ardhi baada ya tarehe 19 Juni mwaka 1913 kwa sababu ya sheria za ubaguzi aliruhusiwa kudai. Hadi siku ya mwisho, tarehe 31 Desemba mwaka 1998, madai takriban 80,000 yalikuwa yamepokelewa. Wazanzibari wa Durban walikuwa miongoni mwa waliosimama kudai, wakiikumbuka King's Rest.

Sheria hiyo ilikuwa na mipaka yake. Tarehe ya 1913 iliwaacha nje wale ambao mababu zao walipoteza ardhi katika karne ya 19, kwa karatasi za akina Farewell, kwa mashamba ya Makaburu na kwa kampuni za London. Mijini, wadai wengi walichagua fedha badala ya ardhi, kwa sababu juu ya shamba la babu sasa palikuwa na barabara, kiwanda au maelfu ya nyumba za watu wengine. Ni vigumu kumrudishia mtu bustani ya migomba ambayo imekuwa mji. Mjadala wenyewe haujafungwa. Mwezi Januari mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria mpya ya utwaaji wa ardhi, na mabishano yakaanza upya ndani na nje ya nchi.

Queensburgh yenyewe imebadilika. Tangu mwaka 2000 imo ndani ya halmashauri moja ya eThekwini pamoja na Chatsworth na Umlazi. Familia za Kihindi na za Kiafrika zimenunua nyumba huko, katika mitaa ambayo wazee wao waliingia kwa mlango wa nyuma tu, wakiwa watumishi au wauza mboga. Hati sasa zinaandikwa majina yao. Lakini kununua kunahitaji fedha, na asiye na fedha hujenga pale anapopata nafasi, mara nyingi kingoni mwa mito. Mwezi Aprili mwaka 2022, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, wengi walioathirika walikuwa wale waliokuwa wakiishi katika mabanda ya mabondeni na miteremkoni. Karne na nusu iliyopita ardhi hiyo hiyo ya kingoni ndiyo waliyoachiwa Wahindi.

Waswahili husema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika bonde la Umhlatuzana, wafalme, Makaburu, Waingereza na makarani wa ubaguzi wa rangi walipigania karatasi, na waliolima ndio walioondoshwa. Hata hivyo huko Bayview, wajukuu wa watu walioteremshwa kutoka majahazini mwaka 1873 bado wanaitwa kwa jina la kisiwa ambacho wengi wao hawajapata kukiona. Jina hilo walilipata bila hati yoyote, na hakuna serikali iliyoweza kulitwaa.